Kitabu cha Rehani

Nilikiweka rehani kwa Fundi Msellem, Mwembe Kuku,
kwa tairi la nyuma na spoki mbili.
Kitabu kizito, jalada la kitambaa,
nilichokipata kwenye turubai la mitumba Mwembe Tayari
kwa bei ya mahamri manne.
Alikipokea baada ya kujifuta mikono,
kisha akajifuta tena.

Kilikuwa na picha.
Gogo lenye magurudumu, halina pedeli,
mabwana wakilisukuma kwa soli za viatu.
Kisha gurudumu la mbele refu kuliko mlango,
la nyuma dogo mfano wa sahani ya haluwa,
na mtu wa masharubu huko juu,
hana pa kukanyaga.
Katikati mistari, pembe, hesabu:
namna fremu inavyogawa uzito,
kwa nini mabomba matatu yakishikana hayapindiki.
Mwishoni mashindano, vikombe, milima ya theluji.
Mombasa haimo.
Niliitafuta hadi kwenye faharasa.

Miaka saba, ndipo nikarudi na pesa.
Kitabu kinanuka grisi na sulisheni,
na pembezoni mwa kurasa, penseli:

*Fremu hii haifai Kisauni. Mchanga.*

*Spoki nyembamba mno. Chumvi itazila kabla ya Mfungo Sita.*

*Huyu apanda na sketi ndefu, wamemsifu ukurasa mzima.
Bi Tatu wa Kibokoni alipanda na buibui, mwaka wa mvua kubwa.
Mnyororo ukaung'ata upindo mara tatu.
Hakushuka.*

*Keria hawakuitaja popote.
Basi mkate wa Bondeni ulifikaje madukani alfajiri?
Nani alibeba barafu? Nani alinibeba mimi,
na homa, hadi Makadara?*

Ubavuni mwa yule wa masharubu:
*Anashukaje?*
Na chini yake, kwa kalamu ya wino, mwaka mwingine labda:
*Anaanguka.*

Nilicheka peke yangu, nimesimama juani.
Fundi hakuinua kichwa.
Alikuwa amepindua baiskeli ya mtoto,
analizungusha gurudumu kwa kidole kimoja,
sikio karibu, akitafuta goroli iliyovunjika.

Nikamhesabia pesa. Akazikunja, akazitia kwenye kopo la viraka.
"Hizo za tairi," akasema.
"Bado spoki mbili."

Mfukoni nilikuwa na noti nyingine.
Nikaikanda kwa vidole,
nikakirudisha kitabu rafuni,
baina ya pampu na kopo la gundi,
nikamwambia nitakuja mwisho wa mwezi.