Zamu ya Bibi Herminda

Eliseo alipokwenda visimani, zamu ya siku kumi na nne,
hakuniachia funguo wala deni dukani.
Aliniachia yai.

"Bibi, usilisogeze mno motoni, usiliache na baridi.
Akianguliwa, mpe nyama. Akilia, mpe tena.
Kitufe hiki cha kutembea, hiki cha kuokota,
hiki, tafadhali, usikiguse."
Lori la kampuni likamchukua.
Vumbi lilikaa barabarani muda mrefu kuliko yeye.

Nina miaka sabini na mmoja. Nimezalisha mbuzi kwenye theluji,
mkono hadi kiwikoni, tochi nimeing'ata kwa meno.
Nishindwe na yai la kwenye kioo?

Likapasuka saa tisa usiku.
Upepo wa Patagonia ulikuwa unang'oa bati la banda,
na mle ndani ya kompyuta shwari, hata jani halitikisiki,
kikatoka kitu kichwa kizito kuliko shingo,
vijikono viwili visivyofaa hata kukuna pua,
meno tayari.
Eliseo alishamwandalia jina la vita.
Mimi nikamwita Guacho,
kama tunavyomwita huku kila asiye na mama.

Alikula. Mungu wangu, alikula!
Kila nikipepesa, kile kitumbo pembeni mwa skrini kimegeuka chekundu,
nami nashuka mtoni na shoka la jiwe,
bibi mzima, ndani ya mwili wa kijana kifua wazi
ambao Eliseo alinichagulia bila kuniuliza,
nawinda ndege wajinga wasiojua kukimbia.
Nilikufa mara mbili. Ya kwanza kwa kuliwa.
Ya pili kwa kiu, nimesimama maji yakinifika magotini,
sijui kitufe cha kunywa.
Nikaamka ufukweni uchi, nikarudi mbio:
mtoto ana njaa.

Nikatega saa ya kengele. Nikaandika daftarini,
ukurasa uleule wa chanjo za mbuzi:
Guacho, saa nane, vipande arobaini.
Guacho, saa kumi, anataka kutembezwa.
Nikamtembeza. Kukakucha, huku na kule kwa pamoja,
chai yangu chungu imepoa kibuyuni,
mrija bado mdomoni.

Mama yake Eliseo aliniachia mtoto hivihivi,
kwenye kituo cha basi, na maelekezo mafupi.
Maziwa haya, blanketi hili, nitarudi Jumapili.
Sikuuliza Jumapili ipi.

Siku ya kumi na tano kijana akarudi, ananuka mafuta ghafi
yanayovutwa chini ya mifupa ya jamaa zake Guacho.
Akavua buti moja tu, akaketi, akashika kipanya.
Guacho, sasa mrefu kama mnara wa kisima,
akamtazama. Akamngurumia. Hakuinama apandwe.
Maandishi madogo juu ya kichwa chake yalisema
mlezi: Herminda.

"Bibi, umemharibu. Huyu alikuwa wa vita."
"Kuzaa si kazi," nikamwambia,
nusu iliyobaki nikaiacha ijimalizie yenyewe.

Akanyamaza. Akavua buti la pili.
Kisha akavuta kigoda karibu na kiti changu, akasema taratibu,
kama zamani alipotaka kumshika mwanambuzi,
"Naomba unipandishe nyuma."

Tukaenda hadi ufuko unapoishia. Hatukupigana na mtu.

Ameondoka tena jana.
Usiku huu nimeingia, Guacho haonekani zizini,
msitu mweusi, nyayo zimeishia kwenye matope.
Nikasahau vitufe vyote. Nikatia vidole viwili mdomoni
nikapiga mluzi.

Yeye hakusikia.
Nje, gizani, mbuzi wote mia na ishirini wakasimama.