Kitunga cha Tatu

Umeme umerudi saa sita kasorobo ya usiku,
nikaamka kama niliyeitwa jina.
Simu kwenye waya, kompyuta ya Murhula, ya kuazima,
na vikapu vitatu vya mtandaoni vinanitazama,
nichague kimoja
cha kuuzia sabuni zetu.

Cha kwanza kimependeza kama harusi ya Nguba.
Kinataka kadi ya benki.
Kinataka dola ishirini na tisa kila mwezi,
niuze, nisiuze.
Mvua ikikata barabara ya Kavumu: ishirini na tisa.
Mtoto akilala na homa: ishirini na tisa.
Nikakifunga polepole, kama mtu anayetoka dukani
akijifanya amesahau kitu nje.

Cha pili ni cha bure.
Bure, ila kila sabuni inayotoka kinaimega pembeni
kama yule wa tiketi pale sokoni Kadutu:
hana meza, hana mzigo, ana kalamu tu.
Kisha kikaniuliza, nyumba namba ngapi?
Namba ya posta?
Nikaandika: Panzi, shuka ngazi za udongo,
uliza kwa Mama Cishugi wa mikate,
lango la bati lililopakwa rangi nusu.
Kikajibu kwa wino mwekundu:
anwani si sahihi.
Miaka kumi na minne ninalala mahali pasipo sahihi.

Cha tatu, sura yake ya kawaida,
herufi zimebanana kama abiria wa boti ya Idjwi.
Lakini kinapokea pesa ya simu,
kinahesabu franka na dola bila kuzigombanisha,
na mtandao ukikatika kinashika tulipofikia
kama kidole katikati ya kitabu.
Sikukiamini. Nikajiuzia mwenyewe sabuni mbili
nione kama pesa itafika.
Ikafika.
Nikajiandikia: asante, mteja, karibu tena.

Asubuhi Mama akauliza nimechagua nini.
Mama alibeba mizigo ya watu miaka ishirini
kutoka bandarini hadi Kadutu,
mihogo, makaa, siku moja kitanda cha bwana harusi,
kamba kwenye paji la uso. Alama bado ipo,
mfereji mdogo ambao jasho halijausahau.
Nikamwambia, ni kitunga, Mama, ila hiki hakibebwi.
Akacheka mpaka chai ikamwagika.
Kisichobebwa na mgongo, mwanangu, kinabebwa na nani?
Akataka kukiona chini.
Kitunga hukaguliwa kitako, akasema,
mdomo wa kila kitunga ni mzuri.
Nikatafuta kitako cha kitu kisicho na umbo.
Nikampata, mwisho kabisa, kitufe kidogo:
chukua majina ya wateja wako wote
uondoke nayo, siku ukitaka kuhama.
Mh, akasema Mama. Hicho kinashika.

Wiki mbili. Mauzo kumi na moja,
moja likiwa langu.
Na kila jioni kinaniletea orodha nyingine, ya kijivu:
vikapu vilivyotelekezwa.
Sabuni tatu za avokado, mtu wa Uvira.
Alichagua, akajaza jina, akaacha hapo.
Siku ya nne kidole changu kilikuwa juu ya neno futa.

Mwache, Mama akasema, hata hakunitazama,
alikuwa anakata vipande kwa uzi.
Sisi kwenye ule mlima tulikuwa tunatua mzigo
juu ya ukuta wa watu, tunanyoosha shingo kidogo.
Anayepita anadhani umeutupa.

Jana mtu wa Uvira amelipa.
Saa tisa usiku, dakika mbili.
Pengine umeme umerudi na kwao.