Upande wa Tatu

Alhamisi, baada ya githeri, Kidato cha Tatu Mashariki,
hapa Kariobangi, mabati yanalia kwa jua
nami nimekaa dawati la nyuma, dawati la watoro,
kwa sababu leo mwalimu hafundishi.
Chaki wanayo wao. Mwenye chaki ndiye msemaji;
asiye nayo afunge kinywa, afungue daftari.

Kila wiki mmoja huleta pembetatu kutoka mtaani.
Wiki jana Lemayian alileta paa la banda la mbuzi
wa mjomba wake, kule Njiru.
Leo ni zamu ya Kerubo, asiyependa kusemeshwa.
Ameichora ubaoni, akarudi kuketi:
ukuta wa kanisa, mita kumi;
mtaro, mita sita;
kona ya ukuta na barabara, nyuzi thelathini.
Upande wa barabara ameuwekea alama ya kuuliza,
kubwa, imepinda kama ndoano.

Wekhanyi akasimama kuitetea Saini.
Huyu hata ruhusa ya choo huiomba kwa vina:

*Saini ni fupi njia, wala haina vituko,*
*Pembe ukishapatia, upande wake u huko,*
*Gawa kisha zidishia, jibu liko mbele yako,*
*Kosaini hukawia, kama chai bila jiko!*

Wakapiga madawati. Nikawaacha wapige.
Kikokotoo kikapita mkono hadi mkono kama karanga:
kumi na moja nukta tisa nane.
Sema kumi na mbili, tukale.

Habiba hakupiga dawati.
Aliichukua chaki, akaipuliza, akasema polepole:
"Mwenzangu amefika haraka. Sijui amefika wapi."
Akaiandika Kosaini kwa urefu wake wote,
x mraba, toa x mara kumi na saba na ushei,
jumlisha sitini na nne, sawa na sufuri.
Akatoka jasho, akafuta, akarudia,
mtu akapiga miayo hadi tukaona kimeo,
yakatoka majibu mawili.
Kumi na mbili kasoro.
Na tano na kitu.

"Umekosea!"
"Nionyeshe nilipokosea."
"Pembetatu moja haiwezi kuwa na pande za tatu mbili!"
"Nani kakwambia ni moja?"

Nikauma ulimi.
Miaka tisa nimelifundisha hili kwa dakika kumi, kwa chaki nyekundu:
*tahadhari, pembe mbili zaweza kuwa na saini moja.*
Wakanakili. Wakasahau kwa mwandiko mzuri.
Sasa Lemayian amevua kamba ya kiatu,
ncha moja kaibana pale ukuta unapoishia,
nyingine anaibembeza kama mlango:
mtaro ule ule, mita sita zile zile,
unaigusa barabara huku mbali,
na ukirudi ndani, unaigusa tena hapa.

Kimya. Hata Wekhanyi amekosa kina.

"Basi ya kweli ni ipi?"
Aliyeuliza ni Habiba, si mimi.
"Ubao haujui," mtu akajibu kutoka dirishani.
"Aulizwe aliyefika."

Kerubo akainuka bila chaki, na hakuna aliyemkataza.
"Ni tano. Nafagia pale kila asubuhi, hatua saba.
Mtaro umerudi ndani, unapita nyuma ya meza ya mama."
Akameza mate.
"Karani wa kanju aliandika kumi na mbili.
Mama hulipia mita kumi na mbili.
Alionyeshwa tu pa kutia saini."

Saini. Tangu saa nane tulikuwa tumelitaja neno hilo
labda mara arobaini,
na sasa hakuna aliyetaka kuwa wa kulirudia.

Kengele ililia. Nilitafuta la kusema, la kiualimu,
sikulipata.
Wekhanyi alikuwa ameshapiga magoti sakafuni na rula,
anaichora ile ndogo kwenye karatasi safi, kwa vipimo,
Habiba anamsomea tarakimu,
naye bila kuinua kichwa akauliza,
"Kerubo, jina la huyo karani linaandikwaje?"