Mwenda Pole

Dakika ya nane, nilikuwa bado nahesabu.
Nilirusha kigunia cha mazoezi, kile cha rangi ya chungwa,
mara ya kumi na moja juu ya mabua ya ngano,
na Zirka akakifuata jinsi anavyofuata kila kitu,
masikio nyuma, roho mbele.
Akarudi nacho. Miguu ya nyuma
haikurudi naye.

Aliiburuta kama kamba iliyolowa,
akakaa pasipo kutaka kukaa, kigunia mdomoni,
akinitazama nirushe tena.
Mkia ulikuwa haujapata habari:
ulipiga ardhi, pu, pu, pu.

Baada ya nusu saa alisimama, akajikung'uta,
akatafuta panya.

Nilimpigia Haugen aliyeniuzia.
Alinyamaza kidogo. "Mama yake hajaanguka hata siku moja.
Wala baba."

Alisema kweli. Daktari Fehr, kule Wynyard,
alipitisha kijiti cha pamba shavuni mwake kwa ndani,
na wiki ya tatu akanisomea karatasi:
herufi moja ya mama, moja ya baba.
Kila mmoja alibeba yake
akakimbia nayo, akazeeka nayo, asijue.
Ndani ya huyu zimekutana, zikawa neno.
"Si moyo. Si mapafu. Uvivu ndiyo kabisa, si uvivu.
Ni mbio, na joto, na furaha ikizidi."

Furaha ikizidi!
Nilicheka. Marusia hakucheka, alitazama mikono yangu.
Kwetu ni mikono: ya babu ilitetemeka,
ya baba ikafuata,
yangu naitia mfukoni nikiona watu.

Mwenda pole hajikwai, husema wasio na mbwa.
Mwambie hayo Zirka, bata wakishuka.

Oktoba hii nilimfunga kwenye gari, dirisha wazi.
Bata mmoja alianguka upande wa pili wa bwawa
na nyuma yangu nikasikia kilio chembamba,
kama mlango unaosukumwa na upepo.
Nikavaa mabuti ya mpira yafikayo kiunoni,
nikaingia mwenyewe majini, mzee wa miaka sitini na minne,
matope yakininyonya, barafu nyembamba ikivunjika magotini.

Nilimletea yeye.
Nilimfungua, nikamwekea bata mbele ya pua.
Akamwokota kwa ulaini, kama yai,
akatembea hatua tatu, nne,
akanikabidhi mkononi.
Mkono ulitetemeka. Hakujali.
Nikamwambia: kazi nzuri, binti. Kazi nzuri.