Kaskazini ni Harufu ya Biskuti

Walikuja Jumamosi, wawili, bila gari la mradi,
bila fulana zenye nembo, bila mpiga picha.
Wakesho alibeba kompyuta mbili ndani ya mkoba wa nguo,
Guyo akabeba waya, na maandazi kumi na manane
kwa darasa la watoto hamsini na mmoja.
Tukayakata kwa rula.

Mimi nimefundisha jiografia miaka ishirini na miwili.
Ramani yangu ya ukutani imechakaa kwenye mikunjo,
na mkunjo mmoja umepita juu ya Nairobi,
kwa hiyo mji mkuu, katika shule yetu, ni tundu.
Hapo ndipo nilipokuwa nikigusa kwa fimbo:
tupo hapa, watoto.
Nao wakiandika.

Guyo aliwasha skrini, akaukuza mji
mpaka barabara za lami zikaisha,
na palipopaswa kuwa Mukuru
pakawa kijivu kitupu, kama uji uliopoa.
"Hapa hakuna mtu," akasema Omwoyo,
na darasa zima likacheka
kicheko cha mtu aliyesikia tanzia yake redioni.

Wakesho akauliza: kaskazini ni wapi?
Nilingoja waseme nilivyowafunza,
mkono wa kulia kwenye mawio, uso mbele.
Kavata akanyoosha pua.
"Kule inakotoka harufu ya biskuti."
Guyo akatazama dira ya simu. Akatazama tena.
Kweli, kiwanda kiko kaskazini,
nasi kila usiku tumelala kusini yake
tukila kwa pua.

Basi tukatoka.
Vikundi sita, simu nne, daftari kwa waliokosa.
Wakatia alama: bomba la Mama Nyaboke,
hufunguliwa alfajiri, shilingi tano mtungi;
choo chenye mlango; choo kisicho na mlango;
kinyozi; msikiti wa mabati; daraja la mbao mbili
(Barasa akashikilia: andika moja, ya pili imeibwa);
nguzo ya taa isiyowaka,
na pale ambapo, walisema wasichana, huwa tunakimbia.
Guyo hakuwa na alama ya mahali pa kukimbia.
Akakuna kichwa.
Wakachora wenyewe: kiatu kimoja.

Kando ya mto Kavata akaficha simu mgongoni.
"Nyumba yetu msiitie."
Mbona?
"Wale waliokuja na rangi nyekundu
nao walikuwa na ramani."

Hapo nilitamani wawe wageni wa kawaida,
wale wenye jibu la kila kitu.
Wakesho alichuchumaa kwenye tope, akanyamaza
muda wa chai kuchemka,
kisha akasema: sijui.
Akasema: kidole ni chako.

Miaka ishirini na miwili, na mimi
sijawahi kulitamka neno hilo mbele ya ubao.
Sijui. Nililijaribu kimyakimya njiani,
lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani.

Tuliporudi, kijivu kilikuwa kimepata mishipa.
Vichochoro vikawa na majina, Kona ya Mkaa,
Kwa Fundi Mlevi (nilipinga, nikashindwa kwa kura),
na daraja la mbao moja.
Ila kwenye ukingo wa mto likabaki pengo,
upana wa chumba futi kumi kwa kumi,
na Kavata ameketi mbele ya skrini
kama askari wa zamu.

Nikawaambia wafunge madaftari, saa imekwisha.
Omwoyo hakufunga.
Alikuwa amesimama mbele ya ramani yangu mbovu,
kidole juu kabisa, mbali na tundu letu,
pale karatasi ilipo nyeupe,
pasipo mto, pasipo mji, pasipo hata nukta.
"Mwalimu, na hawa?
Walikataa, au hawakuulizwa?"

Guyo, ambaye kwao ni huko,
aliinama akaendelea kukunja waya
uliokwisha kukunjwa.