Saa Sita za Taa

Zbigniew alipofungasha kurudi kwao Gdynia
aliniachia tangi la kioo, lita sitini,
ufa wa pembeni umezibwa kwa gundi,
na karatasi imebandikwa kwa utepe:
taa, saa sita, isizidi.

Saa sita za muda, si za adhuhuri.
Adhuhuri ya hapa Ísafjörður, mwezi wa Novemba,
ni weupe wa maziwa yaliyotiwa maji.
Mlima umesimama mbele ya jua
kama mtu mrefu mbele yako kwenye foleni,
na hautasogea hadi mwisho wa Januari.

Kazini napasua chewa.
Kisu, tumbo, mfupa, barafu; kisu, tumbo.
Ikifika jioni vidole vyangu havijui tena
kushika kitu bila kukipasua.

Ndiyo maana nilianza polepole.
Udongo mweusi chini, unene wa vidole vitatu,
nyuma nikauinua kidogo uonekane mbali.
Mchanga juu yake. Gogo nililichemsha kutwa
katika sufuria ya Krismasi ya mama
(marehemu hangeafiki), likatoa chai ya rangi.
Nikaweka sahani ndani, nikamimina maji juu ya sahani
ili yashuke bila ghadhabu.
Kisha mimea, shina moja moja kwa kibano,
mkono umezama, shavu limegusa kioo.
Mtaka cha mvunguni huinama;
mtaka msitu hulowa hadi kwapani.

Shina la kwanza likaelea. La pili likalifuata.
Nikacheka peke yangu jikoni,
jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Agosti.

Nikawasha taa.

Sijui niseme nini. Ukuta ukawa kijani.
Kikombe changu kikapata kivuli;
nilikuwa nimesahau kwamba vikombe vina vivuli.
Nikavuta kiti. Saa sita zikaisha, sikuizima.
Nani azime jua lake mwenyewe?
Saa tisa. Saa kumi na mbili. Nikalala kitini
taa ikiwaka, kama mlevi kando ya chupa.

Wiki ya tatu kioo kikaota manyoya.
Mwani: kijani, kisha kahawia, kisha utelezi,
nyuzi zikayasonga majani
yaliyoomba kijiko nikayapa ndoo.
Maji yakanuka kama buti za msimamizi wetu.
Nikampigia Zbigniew. Akanyamaza, halafu:
“Karatasi umeisoma?”
“Nimeisoma.”
“Na giza, mimea umeipa?”

Giza! Nilidhani ndicho kitu pekee
tunachogawiwa bure.

Nikalifunika tangi kwa blanketi siku tatu.
Nikasugua kioo kwa kadi ya benki iliyokwisha muda,
nikabadili nusu ya maji, nikanunua swichi ya saa.
Ina mlio mdogo: tik, halafu usiku.
Tik. Nami ndani yake, mikono magotini,
nikijifunza kukaa pasipo kuomba.
Mimea nayo ilikaa. Ilikuwa na kazi yake gizani,
sikuiona, wala haikunihitaji.

Katikati ya Januari nikatia kamba wadogo kumi,
wepesi kama unywele wa kope. Wakaishi tisa.
Asubuhi moja kabla ya zamu
jani jekundu likatoa kiputo, kimoja,
kikang'ang'ania ukingoni, kikaachia, kikapanda.
Nikachelewa kazini kwa ajili yake.

Tarehe ishirini na tano, ngazi nzima ya jengo
inanukia siagi na chapati za maji.
Hallbera anagonga mlango kwa mwiko:
“Limefika kona ya benki! Shuka, zinapoa!”
Na kweli likaingia kwangu, ukanda mwembamba,
likapita juu ya sinki, juu ya mkate,
likaanza kupanda kioo cha tangi.
Wiki kumi nimelingoja.

Nikalitazama kwa muda wa pumzi nne.
Kisha nikavuta pazia, upande wa tangi tu,
nikatafuta viatu, nikashuka.