Kukuna Shuka

Mguu wangu niliuacha ng'ambo ya mpaka,
kwenye njia ya matope kati ya migomba ya watu.
Sikuuaga.
Mtu huaga mama, huaga mke, huaga hata mbuzi.
Mguu, nani huuaga?

Nikarudi Veyula na buti moja lililong'aa.
La pili kuku wa Foibe alilifanya kiota,
akatotoa vifaranga saba,
na mimi nikawa nawahesabu kila asubuhi
kwa sababu sikuwa na gwaride lingine.

Mchungaji Yeremia alikuja na mfano wake:
mzabibu, alisema, hupogolewa ndipo uzae.
Nikamwambia, Mchungaji, nimepogoa zabibu tangu darasa la nne,
nazijua. Mzabibu ukikatwa hutoa machozi siku mbili tatu,
kisha huchipua.
Basi kaa hapa na mimi, tungoje,
tuone kama hiki kigutu kitatoa jani.
Akamaliza chai yake.
Akasahau kuomba.

Mchana niliuweza. Usiku ndio ulionishinda.
Vidole vitano visivyokuwepo vilianza kuwasha
kama vimekanyaga upupu,
na mkono ukishuka kukuna hukuta godoro.
Daktari wa mjini alikuwa na jina refu la jambo hilo
na vidonge vyeupe vya kutwa mara mbili.
Foibe hakuwa na jina lolote.
Usiku mmoja, saa nane, upepo wa Julai
ukisukuma vumbi chini ya mlango,
aliwasha tochi ya simu akauliza tu:
Wapi?
Nikasema, kidole gumba, upande wa ndani.
Akapeleka kucha zake pale patupu
akakuna shuka.

Msiniulize.
Ulitulia.

Siku hizi kila Alhamisi naenda wodini,
chupa ya uji wa uwele kwapani,
mguu wa bandia ukilia kama bawaba ya kanisa,
kwa hiyo wananisikia kabla hawajaniona.
Mbukwa, Sajini Mnyambwa!
Mkono wake ulibaki mmoja, kamba za viatu anafunga kwa meno,
na hataki kusaidiwa, wala simsaidii.
Wengine nawaambia ninachokijua, si kingi:
soksi ya kigutu ivae nje ndani, mshono usiguse kovu.
Ukianguka, angukia upande wa ukuta.
Fomu za mafao peleka mwenyewe, nakala tatu,
na uvae kaptula, karani akuone vizuri.
Mtoto wako akiomba kupagusa, mwache apaguse.

Kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, yupo Chidawali
wa Mpwapwa, miaka ishirini na mitatu.
Alhamisi tatu alinipa mgongo.
Uji wake niliuweka, uji wake niliukuta
umefanya utando.
Ya kwanza alisema, Afande, nenda.
Ya pili hakusema.
Ya tatu nilikaa tu, nikasoma gazeti la juzi
mpaka matangazo ya viwanja yalipokwisha.

Jana ilikuwa ya nne.
Jua lilishaingia chini ya vitanda,
nimeshika chupa yangu, niondoke,
nikamsikia akiuambia ukuta:
Vinawasha.

Nikarudi. Nikaweka chupa sakafuni.
Maneno ya kumpa ujasiri ninayo, nilifundishwa jeshini,
nikayaacha hukohuko.
Nikauliza lile moja nililofundishwa nyumbani.
Akakaa kimya muda mrefu, aibu ikimpanda shingoni.
Kidole cha mwisho, akasema. Kile kidogo.

Kuinama kwangu siku hizi kuna hatua nne.
Nikazipiga zote.
Nikakuna shuka la serikali, pale lilipolala bapa,
karibu na muhuri wa bluu uliofifia.
Sajini aliachia kamba ya kiatu mdomoni, akatazama.

Kushoto kidogo, Chidawali akasema.
Nikasogeza.
Hapo.